Siku kumi Uswisi kwa miaka 25 ya ndoa: punguza miji, ongeza usiku

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu mkuu hapa Mombasa. Mwezi wa Novemba mimi na mume wangu tutatimiza miaka 25 ya ndoa na nataka nimfanyie jambo: siku kumi Uswisi, hoteli za nyota tano tupu. Nimetenga dola 20,000, mbali na tiketi za ndege. Nimepanga Zürich, Interlaken na Jungfraujoch, Zermatt, ile treni ya Glacier Express hadi St. Moritz, kisha Milan, na mwisho siku mbili Paris. Nimechagua Novemba kwa kuwa shule zimefungwa na nimeona bei ziko chini. Je, nikodi gari lenye dereva? Chakula cha halali kitapatikana? Mume wangu ana presha, ingawa anaidhibiti kwa dawa. Yeye hajui lolote bado, nataka iwe siri.

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu, na hongera zenu. Naanza na lile litakalokuudhi: Novemba uifute.

Bei uliyoiona ni ya chini kwa sababu hakuna kinachouzwa. Hoteli kubwa za milimani Uswisi zina misimu miwili, wa kiangazi na wa theluji, na katikati ya misimu hiyo nyingi hufunga milango kabisa. Ikifika mwisho wa Oktoba wapishi wamekwenda makwao, reli za milimani zinafanyiwa matengenezo, na hiyo Glacier Express yenyewe hupumzika kuanzia katikati ya Oktoba hadi karibu katikati ya Desemba. Hali ni hiyo hiyo baada ya Pasaka mpaka mwanzoni mwa Juni. Mijini hoteli ziko wazi mwaka mzima, lakini Zürich ya Novemba ni ukungu uliolala juu ya ziwa wiki nzima kama kifuniko juu ya sufuria. Hukutunza pesa zote hizo ukaangalie kifuniko.

Likizo yako nyingine ni ya Agosti. Nendeni nusu ya pili ya mwezi huo. Wakati huo shule nyingi za upande wa Kijerumani zinafunguliwa, familia za wenyeji zinarudi makwao, na hewa ya mlimani bado ina joto la kutosha kukaa nje mchana kwa sweta jepesi. Kusherehekea miezi mitatu kabla ya siku yenyewe si dhambi. Kama roho yako iko kwenye theluji, basi ni Desemba kuanzia tarehe 20 hivi, lakini bei za Krismasi na mwaka mpya ndizo za juu kuliko zote, na hoteli nyingi hukataa kukupa chumba usipochukua wiki nzima.

Sasa njia uliyoichora. Nimeihesabu mara mbili: vituo sita, nchi tatu, siku kumi. Kila kuhama kunakula nusu ya siku: kufunga mabegi, kulipa, kungoja, kufika na kuambiwa chumba hakijawa tayari. Utalala kwenye vitanda vya bei mbaya na kuviacha kabla havijapata joto.

Na mlima una tabia yake. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii ya kupanga safari niliwapangia wazee wawili wa Tanga safari kama yako, Zermatt usiku mmoja. Walifika saa kumi jioni mvua ikinyesha. Wakalala. Asubuhi wingu limeshuka hadi kwenye mapaa, na saa nne wakapanda treni ya kuondoka. Walilipia chumba cha kuangalia Matterhorn, ule mlima maarufu wa Zermatt, na Matterhorn wakaja kuuona kwenye kadi ya posta stesheni. Mzee aliporudi aliniambia neno moja tu: "Mlima wako ulikuwa safarini." Tangu hapo simpangii mtu chini ya usiku tatu mahali pamoja, na Zermatt hazipungui nne. Unaponunua usiku wa nne unanunua nafasi ya wingu kuondoka. Hiyo ndiyo anasa ya kule. Kitanda cha nyota tano kipo hata Nairobi.

Kwa hiyo Milan na Paris ziacheni, zina safari yao. St. Moritz nayo naitoa, na najua itakuuma kwa sababu jina lake ni kubwa. Mji huo ndio uliozoesha Ulaya kwenda likizo milimani wakati wa baridi: inasimuliwa kwamba mwaka 1864 mwenye hoteli Johannes Badrutt aliwekeana dau na wageni wake Waingereza kuwa jua la huko lingewapendeza hata wakati wa baridi. Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi imefanyika hapo mara mbili, 1928 na 1948. Lakini ni mji wa Februari, wakati farasi wanashindana juu ya ziwa lililoganda. Agosti ni pazuri, ila pako mbali na kila kitu kingine mlichotaka kuona.

Nakupangia hivi: usiku tatu juu ya ziwa la Luzern, nne Zermatt, tatu Montreux. Mnaingia kwa Zürich, mnatokea Geneva. Ethiopian, Qatar, Emirates na Turkish zote zinatua miji yote miwili, kwa hiyo kununua tiketi ya kuingilia huku na kutokea kule hakuna tabu, na kunawaokolea safari nzima ya kurudi nyuma.

Luzern msilale mjini. Laleni Bürgenstock, kwenye ukingo wa mlima zaidi ya mita 400 juu ya maji. Mnapanda meli Luzern, mnashuka Kehrsiten chini ya jabali, na hapo reli ya kamba iliyopo tangu 1888 inawavuta moja kwa moja hadi hotelini. Shemeji kama anafuatilia habari atapakumbuka: ndipo ulipofanyika mkutano wa amani ya Ukraine Juni 2024, na Rais Ruto alikuwepo. Wewe nakupa habari nyingine. Audrey Hepburn, yule mwigizaji wa filamu, alifungia ndoa kwenye kanisa dogo la mlima huo mwaka 1954. Wenye hoteli sasa ni kampuni ya Qatar, iliyoifungua upya mwaka 2017 baada ya kuijenga karibu yote, kwa hiyo mgeni anayeuliza kibla au chakula hawamshangai. Siku moja vukeni ziwa mpande mlima Rigi kwa treni ya meno (gurudumu lake la meno hung'ata reli isiteleze), ile ya mwanzo kabisa ya mlimani barani Ulaya, ya mwaka 1871. Siku nyingine msifanye kitu. Nasema kweli, msifanye kitu.

Kutoka hapo kwenda Zermatt ndipo utakapoionja Glacier Express bila kuila yote. Safari nzima hadi St. Moritz ni karibu saa nane, madaraja 291 na mahandaki 91, na kwa maoni yangu ukipita saa ya tano hata uzuri unachosha mgongo. Mna siku kumi tu, msitoe moja nzima kwa kiti. Chukueni treni ya kawaida kutoka Luzern hadi Göschenen, badilini kwa ile ndogo inayopanda kwenye korongo hadi Andermatt, mle chakula cha mchana hapo. Andermatt palikuwa pa kambi ya jeshi, pakafufuliwa na tajiri wa Kimisri, Samih Sawiris, na hoteli yake ya The Chedi ina jiko ambalo peke yake linatosha kuwa sababu ya kushuka. Mchana mnaipanda Glacier Express kwa saa tatu na kitu hadi Zermatt. Kiti lazima kiwekwe mapema hata kama tiketi mnayo. Lile behewa lake la fahari, lenye kiti cha dirishani kwa kila mtu na chakula cha kozi kadhaa, linaongeza zaidi ya faranga 400 kwa kila kichwa juu ya tiketi ya daraja la kwanza, na limekusudiwa wanaokwenda mwendo mrefu. Wachieni wao.

Zermatt haiingii gari la mafuta. Hili linajibu nusu ya swali lako la dereva: ungemlipa akuache Täsch, bondeni, kisha upande treni kama kila mtu. Mkifika stesheni mtakuta vigari vya umeme vimejipanga kama bajaji za Likoni, na baadhi ya hoteli kubwa hutuma gari la farasi. Unapobuki, usitosheke na maneno "chumba chenye mandhari ya mlima". Kule kila upande ni mlima! Mimi mwenyewe niliwahi kulipia mandhari ya mlima katika hoteli moja, nikafungua pazia nikakutana na ukuta wa mwamba, majani yamechomoza kwenye nyufa, na mapipa ya taka chini yake. Nilipolalamika, wa mapokezi akaniambia bila kucheka kwamba ule ni mlima. Andika barua pepe, taja Matterhorn kwa jina, taja roshani, taja ghorofa, na ungoje wakujibu kwa maandishi. Ni bora chumba kidogo cha roshani hiyo kuliko chumba kikubwa cha upande wa pili, hata kama kile kikubwa kina sebule.

Halafu fanyeni hivi. Wekeni saa ya kengele saa kumi na mbili na robo asubuhi. Jivikeni yale majoho mazito ya hoteli, mtoke roshani na chai. Mji bado ni giza, mnasikia mto tu. Kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi ncha ya mlima inashika rangi kama kaa lililopulizwa, ncha peke yake, na kila kitu chini yake bado ni buluu. Rangi inateremka polepole, inapita kwenye bega la jabali, inageuka kuwa ya dhahabu, kisha ghafla ni asubuhi ya kawaida na mtu anapita na kigari cha mkate. Yote ni dakika kumi na tano. Mita 4,478 zile ziliwashinda watu mpaka Julai 1865, na siku zilipopandwa, wanne kati ya saba waliofika kileleni walikufa wakishuka. Nawaambia wageni wangu habari hiyo baada ya chai, si kabla.

Siku mbingu ikiwa safi, pandeni kilele cha Gornergrat, mita 3,089, kwa treni ya meno inayokwenda tangu 1898. Mtajuaje kama juu kuko safi? Washeni televisheni asubuhi. Kuna stesheni inayoonyesha picha za moja kwa moja kutoka vileleni, kilele kimoja baada ya kingine, na wenyeji huzitazama wakinywa kahawa kabla ya kuamua siku yao. Mkiona weupe mtupu, rudini kulala. Wakati wa kushuka teremkeni stesheni ya Rotenboden, mtembee dakika kama kumi hadi kiziwa cha Riffelsee, ambako Matterhorn unajitazama majini ikiwa upepo haujaamka. Nendeni asubuhi.

Kuhusu presha ya shemeji. Jungfraujoch ni mita 3,454, na ukiwa na Gornergrat huna haja nayo; ni siku nzima na ni umati. Ili upate picha, Gornergrat iko juu kuliko Mandara, kituo cha kwanza cha njia ya Marangu kule Kilimanjaro, na Jungfraujoch bado iko chini ya Horombo, kituo cha pili, mita 3,720. Tofauti ni kwamba Horombo mtu anafika kwa miguu siku ya pili, mwili umezoea kidogo, na kule Uswisi treni inakupandisha hadi juu kabla moyo haujaulizwa. Daktari wake aambiwe mita hizo kwa namba, aamue yeye. Mkifika, tembeeni kama watu wanaokwenda msibani, mnywe maji, na mshuke kichwa kikianza kugonga.

Montreux ni zawadi ya mwisho, kwa sababu baada ya mwamba mtatamani maji na maua. Fairmont Le Montreux Palace, ya mwaka 1906, iko mbele ya ziwa. Vevey, jirani yake, kuna Hôtel des Trois Couronnes ya 1842, ambayo mimi naipenda zaidi kwa utulivu wake. Pandeni zile meli za mvuke zenye magurudumu ya pembeni, zilizoundwa kati ya 1904 na 1927, mshuke kwenye ngome ya Chillon. Na jioni tembeeni ufukweni mpaka kwenye sanamu ya shaba ya mtu aliyeinua ngumi kuelekea ziwani. Ni Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, mtoto wa Mji Mkongwe, Unguja, aliyezaliwa 1946 na kupata makazi hapo miaka yake ya mwisho. Wageni wengi wanaopiga naye picha hawajui alianza maisha kwenye vichochoro vyetu. Mkiwa na hamu ya treni tena, GoldenPass Express inapanda kutoka hapo hadi Gstaad. Nendeni mkanywe chai, mrudi.

Dereva, basi, hapana. Treni za Uswisi ndizo wanazopanda hata mawaziri wao. Nunueni Swiss Travel Pass ya daraja la kwanza, ya siku nane, na muianzishe siku ya nne mnapoondoka Bürgenstock. Inawafikisha siku ya kumi na moja uwanja wa ndege wa Geneva, ambao stesheni yake iko hapo hapo. Inalipia treni, mabasi na meli za kawaida, na Gornergrat mnapata nusu bei. Siku tatu za mwanzo lipeni tiketi moja moja. Mabegi makubwa shirika la reli huyapeleka mbele yenu kwa malipo. Yanaweza kuchukua siku mbili, kwa hiyo dawa za presha na nguo za kulalia zikae kwenye begi la mkononi.

Halali. Uswisi ilipiga marufuku kuchinja mnyama bila kumzimisha kwanza tangu 1893, kwa kura ya wananchi, kwa hiyo nyama nyingi ya halali mtakayoiona imetoka nje. Geneva, Zürich na hata Interlaken, kwa sababu ya wageni wa Ghuba, migahawa ya halali ipo. Milimani iandikieni hoteli wiki mbili kabla. Hoteli za daraja hilo huagiza, mradi wasiambiwe usiku ule ule. Mahali watu wetu wanapoteleza si kwenye nyama, ni kwenye jibini: fondue, jibini ya kuyeyushwa inayochovywa mkate, hupikwa kwa mvinyo mweupe, na mara nyingi hutiwa na tone la pombe kali ya matunda. Mvinyo haukai pembeni ya sahani, umo ndani. Ulizeni raclette, ambayo ni jibini iliyoyeyushwa juu ya viazi basi. Rösti nayo, viazi vya kukaangwa, ulizeni kama ina nyama ya nguruwe. Samaki wa ziwani ndio amani ya moyo, ila mchuzi wake uulizeni pia.

Jua la mwisho wa Agosti huzama karibu saa mbili na dakika ishirini usiku, kwa hiyo chakula cha jioni na sala ya Magharibi vitagongana. Wekeni meza saa moja kamili au saa tatu. Spa nako kuna jambo. Upande wa Kijerumani sauna ni ya wanawake na wanaume pamoja, na desturi ni kuingia bila nguo hata kidogo. Wengi wetu tumegundua hilo tukiwa mlangoni! Hoteli nyingi za nyota tano hukodisha chumba cha spa cha watu wawili kwa saa, nanyi chukueni hicho. Ikiwa unaogelea kwa vazi la kufunika mwili, uliza mapema kama bwawa lao linaruhusu. Buibui na mtandio havina neno popote. Nikabu hapana: tangu tarehe 1 Januari 2025 sheria ya nchi nzima inakataza kufunika uso hadharani, na faini hufika faranga 1,000.

Pesa. Faranga moja siku hizi inazidi dola, kwa hiyo usidhani una faranga 20,000. Kwa vyumba vizuri vya hoteli hizi mwezi huo nimezoea kuona faranga 700 hadi 1,200 kwa usiku kwa watu wawili. Weka 9,000 au 10,000 kwa vyumba, 2,000 kwa treni, meli na vilele, na kinachobaki kinawatosha kula vizuri bila kusoma upande wa kulia wa menyu. Bakshishi imo ndani ya bei, ukizidisha kidogo ni hiari yako. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa shilingi au faranga, chagua faranga daima. Ukinunua saa au kitu cha zaidi ya faranga 300 duka moja, omba fomu ya kurudishiwa kodi, nayo ni asilimia 8.1. Jumapili maduka mengi yamefungwa.

Imebaki viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Kwa kuwa sasa mnalala Uswisi tu, mnaomba Uswisi, na ile hoja ya kuomba kwa nchi mtakayolala usiku mwingi zaidi imekufa yenyewe. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari isipungue euro 30,000, pasi isiwe na zaidi ya miaka kumi tangu itolewe na ibaki na uhai wa miezi mitatu baada ya kuondoka huko. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla, na foleni za Agosti ni ndefu, kwa hiyo Machi uwe umeshika miadi. Vyumba buki vile vinavyoruhusu kufuta bila kukatwa, mpaka viza itoke.

Na hapo ndipo siri yako inapovunjika, dada. Fomu inataka sahihi ya shemeji, ubalozi unataka taarifa zake za benki, na asipokuwa amechukuliwa alama za vidole kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita, ni lazima afike mwenyewe aweke vidole vyote kumi kwenye kioo. Mwambie kuna safari. Roshani ya Matterhorn usimwambie.